Bruda Colm wa Iten, Mwalimu wa Mbio

Msomaji mpenzi, wewe ukaaye Mbulu au Hanang huhitaji kuambiwa mbio ni nini. Umewaona watoto wakishuka kilima asubuhi, madaftari kwapani, wakiikimbilia kengele ya shule. Umewaona vijana wakirudisha ng'ombe jioni chini ya Mlima Hanang, nao hawatembei, wanakimbia. Pengine mmoja wao ni mwanao. Basi leo twataka kukusimulia habari za mwalimu mmoja wa mbio, mtawa aliyefika katika shule moja ya milimani mwaka 1976 akakaa huko zaidi ya miaka arobaini, na mambo yaliyotokea kwa sababu alikaa. Habari zenyewe ni za Kenya, lakini ukizisoma mpaka mwisho utaona kwamba zakuhusu wewe, na zaihusu shule iliyo karibu na nyumba yako.

WATU WETU WENYEWE KWANZA

Kabla hatujavuka mpaka, yafaa tuwakumbuke wa nyumbani. Nani asiyemjua John Stephen Akhwari wa Mbulu? Tarehe 20 Oktoba 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, alianguka njiani katika mbio za marathoni akaumia vibaya goti. Hakuacha. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kufika zaidi ya saa nzima kabla yake, na watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka uwanjani, wakati Akhwari alipoingia gizani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Watu 75 walianza mbio zile, 57 wakamaliza, naye akawa wa 57. Alipoulizwa sababu ya kuendelea, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze tu mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo limesimuliwa katika mataifa mengi mpaka leo.

Yuko pia Gidamis Shahanga wa Katesh. Mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 20, alishinda marathoni ya michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Miaka minne baadaye, huko Brisbane, Australia, alishinda tena, safari hii mita 10,000. Yuko Filbert Bayi wa Karatu, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Yeye mwaka 1974, huko Christchurch, New Zealand, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha huko Moscow. Na katika siku zetu hizi yuko Gabriel Geay wa Mkoa huu wa Manyara, aliyekimbia marathoni ya Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili, na mwaka 2023 akawa wa pili katika marathoni ya Boston.

Haya, wahesabu watu hawa. Wote wametoka katika nchi ambayo mtu mwenye gari zima aweza kuizunguka kwa siku chache. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba miguu haipo, wala mapafu, wala moyo. Lakini nchi yetu nzima, mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, imepata medali mbili tu za Olimpiki: ile ya Bayi, na ile ya Suleiman Nyambui wa mita 5,000, zote mbili za fedha, zote mbili Moscow mwaka 1980. Ni nini basi kilichopungua? Majibu yako mengi. Habari za Bruda Colm zatupa jibu moja, nalo ni jibu ambalo hata kijiji kisicho na fedha kinaweza kulifikiria.

MTU ASIYEJUA MBIO

Iten ni mji mdogo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa magharibi ya Kenya. Mtu akisimama pale huona bonde la Kerio likiwa chini sana mbele yake, kama vile mtu wa Mbulu anavyoweza kusimama kwenye ukingo akaona nchi ya chini imetandazwa. Mji uko juu ya bahari kadiri ya mita 2,400. Hewa ya huko ni nyepesi, na mtu aliyezoea kukimbia katika hewa nyepesi, akishuka nchi za chini, huona pumzi inamtosha na kubaki.

Katika mji huo iko shule ya sekondari ya wavulana iitwayo St. Patrick's, yaani ya Mtakatifu Patrisi. Iliendeshwa na Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, shirika lililoanzishwa Ireland mwaka 1808 na Askofu Daniel Delany kwa ajili ya kufundisha vijana. Bruda, kama ujuavyo, si padre. Haadhimishi Misa wala haungamishi. Ameweka nadhiri kama mtawa, na kazi yake ni ile aliyotumwa na shirika, iwe darasani, shambani au karakanani.

Mwaka 1976 alifika hapo Bruda kijana aitwaye Colm O'Connell, mwenyeji wa Cork, Ireland, aliyezaliwa mwaka 1948. Alikuja kufundisha jiografia, na hakuwa na nia ya kukaa muda mrefu. Juu ya mbio hakuwa na elimu yoyote. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa amesomea kufundisha michezo hiyo.

Shule yenyewe ilikuwa na jina tayari. Mike Boit, aliyesoma hapo, alikuwa amepata medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972. Mwalimu wa mbio wakati huo alikuwa Mwingereza, Peter Foster, ndugu wa Brendan Foster aliyekuwa mkimbiaji mashuhuri. Bruda Colm akawa msaidizi wake. Muda si muda Foster akamaliza kazi yake, akarudi kwao. Wavulana wakabaki, uwanja ukabaki, na mtu mzima aliyebaki uwanjani alikuwa huyu Bruda wa jiografia.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Angeweza kusema, "Mimi sijui kazi hii, tungoje mtaalamu." Nani angemlaumu? Na wavulana wangengoja, na wengine wangemaliza shule wakiwa bado wanangoja. Yeye akaanza kutoka nao kila siku.

JINSI ALIVYOFUNDISHA

Kwa kuwa hakuwa na mengi ya kusema, alianza kwa kutazama. Alimtazama kila mvulana jinsi anavyokanyaga, anavyobeba mikono, anavyoshika kichwa anapochoka. Aliwauliza wenyewe: Leo mwili ukoje? Jana ulilala? Wapi panauma? Na aliposikia jibu alilitumia. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba wakimbiaji ndio waliomfundisha kazi. Mwalimu wa namna hiyo hujifunza polepole, lakini alijifunzalo halimtoki.

Baada ya miaka mingi mafundisho yake aliyafupisha kuwa mambo manne, nayo ni rahisi kuyashika. La kwanza, mtoto akaze fikira zake juu ya anachofanya. La pili, mwili unyooke, usipinde kiunoni wala kuyumba mabega. La tatu, uwe imara, ili nguvu isipotee kando. La nne, mikono na miguu ipatane kwa wakati wake, kama watu wawili watwangao kinu kimoja.

Utaona kwamba kasi haimo katika mambo hayo manne. Kasi kwake ilikuja mwisho. Mgeni aliyefika Iten akitazamia kuona watu wakikimbia kama swala, huenda aliwakuta vijana wakienda taratibu sana juu ya barabara ya udongo, wamenyooka, hawasemi neno, na Bruda akiwatazama kutoka kando. Katika kundi hilo pengine yumo bingwa wa dunia, na karibu naye mtoto wa shule aliyefika juzi. Wazee wetu walisema, mwenda pole hajikwai.

Na jambo jingine: alijua kumzuia mtoto. Kijana wa miaka 15 mwenye kipawa hutaka kukimbia kila siku kama kwamba ni siku ya fainali, na watu wazima humshangilia. Akifika miaka 20 magoti yamekwisha na hamu imekwisha. Bruda aliona kwamba kazi ya mwalimu wa vijana ni kumfikisha mtoto kwenye utu uzima wake akiwa mzima, bado ana hamu ya kukimbia. Matunda watakula wengine, na huenda jina la mwalimu lisitajwe.

MATUNDA YA MIAKA

Matunda hayakuja mwaka wa kwanza wala wa pili. Mwaka 1984 mapacha wawili wa shule hiyo, Charles na Kipkoech Cheruiyot, walikimbia katika Olimpiki ya Los Angeles. Hiyo ilikuwa miaka minane tangu Bruda kufika. Mwaka 1988 huko Seoul, Peter Rono, kijana wa miaka 21, alishinda medali ya dhahabu ya mita 1,500, na hakuna mtu aliyemtazamia. Mwaka 1992 huko Barcelona, Matthew Birir alishinda dhahabu ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Naye Wilson Kipketer, mvulana mwingine wa Iten aliyehamia Denmark, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu: mwaka 1995, 1997 na 1999.

Katika kiwanja cha shule ile ikapandwa miti kwa heshima ya mabingwa, mti kwa jina. Mwanafunzi mpya akipita chini yake husoma majina ya wavulana waliokaa katika madawati yale yale, wakala ugali ule ule. Hayo nayo ni mafundisho.

Lakini tusikudanganye. Wavulana walio wengi waliopita mikononi mwa Bruda hawakupata medali yoyote. Walikimbia, wakasoma, wakamaliza shule, wakaenda zao kuwa wakulima, walimu, watu wa kazi. Hao nao walikuwa wanafunzi wake. Mwalimu anayehesabu mabingwa tu ataona amefanya kazi bure siku nyingi za maisha yake.

HABARI ZA WASICHANA

Mama msomaji, fungu hili ni lako hasa. Kwa miaka kumi na zaidi Bruda alifundisha wavulana tu, kwa kuwa shule ilikuwa ya wavulana. Wasichana wa nchi ile walikuwa na kazi zile zile unazozijua: maji, kuni, jiko, wadogo zao, na baada ya hapo kuolewa. Nani angemwachia binti yake aende kukimbia na suruali fupi mbele ya watu?

Mwaka 1989 Bruda alianza kuwakusanya wasichana katika kambi za wakati wa likizo. Wazazi walikubali, maana walimjua. Alikuwa ameishi kati yao miaka 13, na kaka za mabinti hao wamepita mikononi mwake na kurudi nyumbani salama. Mgeni wa jana asingepewa mabinti hao.

Mwaka 1991 mmoja wao, Lydia Cheromei, mwenye umri wa miaka 13 tu, alishinda mbio za nyika za dunia za vijana huko Antwerp, Ubelgiji. Sally Barsosio alipata medali ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya mwaka 1993 akiwa na miaka 15, na mwaka 1997 huko Athens akapata ya dhahabu. Janeth Jepkosgei alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007 huko Osaka, Japani. Je, kama kambi ile isingekuwako, wangekuwa wapi? Twaweza kukisia, na wewe pia waweza, maana wasichana wa namna hiyo unawaona kisimani.

MTOTO WA MTU WA MEXICO

Tumekwisha kusema habari za tarehe 20 Oktoba 1968, siku Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea. Siku hiyo hiyo, katika uwanja huo huo, Wakenya wanne walipata medali ya fedha katika mbio za kupokezana za mita 400 mara nne. Mmoja wao alikuwa Mmasai aitwaye Daniel Rudisha. Baadaye alipata mtoto, David. Mtoto huyo alipokua akaenda kusoma Iten, katika shule nyingine ya sekondari iliyo jirani, na huko akaangukia mikononi mwa Bruda Colm.

Kijana alikuwa akikimbia mita 400, kama baba yake. Bruda alimtazama, akaona hatua zake ndefu na pumzi yake, akamwambia ajaribu mita 800, maana yake kuuzunguka uwanja mara mbili. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2010 akaivunja rekodi ya dunia mara mbili katika juma moja, huko Berlin na huko Rieti. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya nani? Ya Wilson Kipketer, yule mvulana wa zamani wa St. Patrick's.

Kisha ikaja London, tarehe 9 Agosti 2012. David Rudisha alitangulia tangu mwanzo, hakujificha nyuma ya mtu, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna aliyewahi kukimbia hivyo. Wengine nao walivutwa naye: mtu wa mwisho, wa nane, alikimbia kwa muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro akashinda tena. Hapo Bruda Colm alikuwa ametimiza miaka 40 tangu kufika Iten kwa kazi ya muda mfupi. Katika miaka hiyo alikuwa amefundisha jiografia, amekuwa mwalimu mkuu, ameacha kazi ya darasani, na bado jioni mtu angemkuta kando ya barabara ya udongo akiwatazama vijana.

JE, NA SISI?

Labda utasema, "Hao wana fedha, wana viwanja." Ndugu, mwaka 1976 Iten haikuwa na fedha hizo. Uwanja wake, Kamariny, ulikuwa wa udongo. Iten ilikuwa na milima, nayo tunayo. Ilikuwa na watoto waendao shule kwa miguu, nao tunao. Ilikuwa na mashindano ya shule, na sisi tuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Na tena walikuwa na mtu mmoja aliyewakuta watoto wa kidato cha kwanza, akawafuata mpaka wakawa watu wazima, kisha akawapokea wadogo zao.

Hapo ndipo penye jambo. Mtoto mwenye kipawa hung'ara siku mbili tatu wakati wa mashindano, watu hupiga makofi, halafu kila mtu hurudi shambani. Mwalimu aliyemwona huhamishwa. Mwalimu ajaye hana habari naye, wala hakuna daftari la kumwambia. Mtoto huyo atakimbia miaka miwili zaidi akifuata mbuzi, kisha basi.

Twajua kwamba mambo ya uhamisho na mishahara hayamo mikononi mwa kijiji. Lakini mengine yamo. Uwanja wa shule waweza kupimwa kwa kamba, ukawekwa alama za mawe yaliyopakwa chokaa. Daftari moja la kawaida latosha kuandika jina la mtoto, umri wake, mbio alizokimbia na muda wake kila muhula, nalo likae shuleni hata mwalimu akiondoka. Si lazima mlezi wa mbio awe mwalimu wa serikali. Katekista aweza, au kijana aliyerudi kijijini, au mkimbiaji wa zamani, ikiwa ni mtu mwenye sifa njema na hana haraka. Bruda wa Iten hakuwa hata mkimbiaji. Na wazazi wanaweza kukubaliana kwamba siku mbili kwa juma binti naye ataachiwa saa moja ya mazoezi, na kaka yake atachota maji.

Tena vijana wasiharakishwe kwenda kukimbia marathoni za barabarani kwa ajili ya zawadi. Waanze na mbio fupi na za kati, miili ikomae. Shule yao isiachwe, kwa maana goti laweza kuvunjika lakini elimu haivunjiki. Filbert Bayi mwenyewe, baada ya rekodi na medali zake, alianzisha shule huko Kibaha.

Wala tusiseme wakati umepita. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, mkoa uliopakana na Hanang, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa tofauti ndogo kuliko kufumba jicho. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Mwaka 2016 alikuwa wa tano huko Rio, na mwaka 2017 alipata medali ya shaba huko London. Miaka minane ikapita kati ya shaba na dhahabu.

Baba na mama, huenda katika kijiji chenu yuko mtu ambaye jioni huwakusanya watoto uwanjani, bila malipo na bila kusifiwa. Watu wengine humcheka, wakisema anapoteza wakati. Jumapili hii mkitoka kanisani mtafuteni mtu huyo. Mwulizeni anahitaji nini: kamba, saa ya kupimia mbio, chokaa, au watoto wenu tu wafike kwa wakati. Mwambieni mngependa aendelee mwaka ujao, na mwaka utakaofuata.